Kichwa cha Mchezaji ni Dhamana ya Mkufunzi: Tafakuri kuhusu Soka ya Vyuo na Shule katika Isiolo

Mji wa Isiolo ni njiapanda. Barabara itokayo Nairobi na Nanyuki hupitia hapo ikielekea Marsabit na Moyale, na nyingine hukata upande wa mashariki kuelekea Garba Tulla na Modogashe. Waborana, Waturkana, Wasamburu, Wasomali, Wameru na wengineo hukutana sokoni, shuleni na vyuoni, na aghalabu Kiswahili ndicho kiungo chao. Kiungo kingine ni soka. Jua linapopunguza ukali wake, vijana waliozungumza lugha tano tofauti asubuhi huvaa jezi za rangi moja na kuitana kwa majina ya utani ya uwanjani.

Katika viwanja kama hivyo, ambavyo vingi si vya nyasi bali ni vya udongo mkavu na changarawe, huweza kuzuka tukio ambalo kila mpenzi wa soka analifahamu. Kona inapigwa. Wachezaji wawili wanaruka kuuwania mpira mmoja, na badala ya kichwa kukutana na mpira, kichwa kinakutana na kichwa. Mmoja anaanguka, analala kwa sekunde chache, kisha anainuka, anajipangusa vumbi na kumwashiria mkufunzi kwa kidole gumba kwamba yu salama. Timu yake iko nyuma kwa bao moja na zimesalia dakika kumi. Ni nani anayepaswa kuamua kama kijana huyo ataendelea kucheza?

Makala haya yanashikilia kwamba uamuzi huo ni wa mkufunzi, wala si wa mchezaji, na kwamba pale penye shaka jibu ni moja tu: mchezaji atoke, na asirudi uwanjani siku hiyo. Hoja hii huenda ikaonekana nyepesi, lakini utekelezaji wake unagusa mambo mazito: heshima ya ujasiri, tamaa ya vikombe, uchache wa matabibu, na hata namna Kiswahili kinavyotumiwa kumhoji mtu aliyeumia.

Maumivu yasiyoonekana

Ubongo wa binadamu umekaa ndani ya fuvu ukizungukwa na majimaji. Kichwa kinapogongwa au kutikiswa kwa nguvu, ubongo nao hutikisika, na utendaji wa chembe zake huvurugika kwa muda. Hali hiyo, ambayo makala haya yataiita mtikisiko wa ubongo, haihitaji jeraha la nje. Damu inaweza isionekane na uvimbe usiwepo. La muhimu zaidi ni kwamba wengi wa wanaopatwa na mtikisiko huo hawapotezi fahamu hata kidogo. Mkufunzi anayesubiri mchezaji azimie ndipo ajue kwamba ameumia anasubiri dalili ambayo katika visa vilivyo vingi haitatokea.

Dalili zenyewe ni za kawaida mno, na hiyo ndiyo hatari yake: kuumwa na kichwa, kisunzi, kichefuchefu, macho kutopenda mwanga, kutazama kama mtu aliyepotea, kujibu maswali polepole, kuyumba katika kutembea, kusahau matokeo ya mchezo, kukasirika au kulia bila sababu. Nyingine hazijitokezi papo hapo bali baada ya saa kadhaa, mchezaji akiwa bwenini au njiani kurudi nyumbani.

Wengi hupona baada ya siku au majuma machache, na ni haki kulisema hilo ili makala haya yasiwatishe watu bure. Soka si ndondi. Michezo mingi humalizika bila yeyote kuumia kichwa. Hata hivyo, ubongo ambao haujapona hauko tayari kupokea pigo jingine. Tangu miaka ya 1970 na 1980 matabibu wameeleza visa, vichache lakini vya kutisha, ambapo kijana aliyegongwa mara ya pili kabla ya kupona pigo la kwanza alivimba ubongo ghafla na kufariki. Wanaotajwa sana katika visa hivyo ni wachezaji wa umri mdogo, yaani umri ule ule wa wanafunzi wa shule na vyuo.

Katika Ireland ya Kaskazini, mwezi wa Januari mwaka 2011, mwanafunzi wa miaka 14 aitwaye Benjamin Robinson aligongwa zaidi ya mara moja katika mchezo mmoja wa raga wa shule, akaendelea kucheza, akaanguka karibu na mwisho wa mchezo na kufariki siku mbili baadaye. Uchunguzi rasmi wa kifo chake, uliokamilika mwaka 2013, ulikitaja kisa hicho kuwa ni cha pigo la pili. Nchini Kanada, mwezi wa Mei mwaka 2013, msichana wa miaka 17 aitwaye Rowan Stringer alifariki baada ya kugongwa kichwa mara kadhaa katika michezo ya raga ndani ya kipindi cha siku chache. Mwaka 2018 jimbo la Ontario lilipitisha sheria yenye jina lake. Katika jimbo la Washington nchini Marekani, kijana Zackery Lystedt, aliyekuwa na miaka 13, alirudishwa katika mchezo wa mpira wa Kimarekani mwaka 2006 baada ya kuumia kichwa. Aliponea chupuchupu na kubaki na ulemavu. Sheria iliyopewa jina lake mwaka 2009 iliagiza kwamba mchezaji anayeshukiwa kuumia kichwa aondolewe uwanjani, na asirudi mpaka mtaalamu wa afya aandike idhini. Kufikia mwaka 2014 majimbo yote ya nchi hiyo yalikuwa na sheria ya aina hiyo.

Kwa nini neno la mchezaji halitoshi

Huenda pakatokea mtu wa kusema kwamba mwanachuo ni mtu mzima, anaujua mwili wake, na akisema yu salama basi aaminiwe. Hoja hii ingekuwa na nguvu iwapo kiungo kilichoumia kingekuwa goti au kifundo cha mguu. Mtu aliyeumia goti hulipima maumivu yake kwa ubongo ulio mzima. Aliyeumia ubongo hana chombo kingine cha kupimia. Kumwuliza aamue ni sawa na kuipima mizani kwa mizani ile ile inayoshukiwa kuwa mbovu.

Wakenya wana kumbukumbu yao wenyewe juu ya jambo hili. Robert Wangila, Mkenya wa kwanza kutwaa dhahabu ya Olimpiki katika ndondi, aliyeshinda mjini Seoul mwaka 1988, alipigana na David Gonzalez mjini Las Vegas mwezi wa Julai mwaka 1994. Mwamuzi alipolisimamisha pambano, Wangila aliupinga uamuzi huo akiamini kwamba bado angeweza kuendelea. Haukupita muda mrefu akapoteza fahamu, na baada ya siku mbili akafariki akiwa na miaka 26. Ndondi ni mchezo tofauti, na hakuna anayedai kwamba kona moja ya soka ni sawa na raundi tisa za masumbwi. Funzo liko katika yale malalamiko ya Wangila. Bingwa wa dunia ya ridhaa, mtu aliyeujua mwili wake kuliko vijana wengi wanavyoijua miili yao, hakuweza kutambua kwamba alikuwa katika hatari ya kufa.

Soka yenyewe haikosi mifano. Katika fainali ya Kombe la Dunia mjini Rio de Janeiro tarehe 13 Julai 2014, kiungo wa Ujerumani Christoph Kramer aligongwa kichwani, akaendelea kucheza kwa takriban dakika 14, na katika muda huo akamwuliza mwamuzi Nicola Rizzoli kama huo ulikuwa mchezo wa fainali. Mbele ya matabibu, kamera na mamilioni ya watazamaji, mtu asiyejua alipo aliachwa akikimbia. Miaka minne baadaye, katika Kombe la Dunia la Urusi, Nordin Amrabat wa Morocco aliumia kichwa katika mchezo dhidi ya Iran, akapelekwa hospitalini, na baadaye akaeleza kwamba hakukumbuka chochote kwa saa kadhaa. Siku tano baadaye alikuwa uwanjani dhidi ya Ureno akiwa amevaa kofia ya kinga, ambayo aliivua mchezo ukiendelea. Ikiwa katika mashindano yenye matabibu tele mambo huweza kwenda hivyo, sembuse katika uwanja wa wilayani usio na hata machela.

Mbona mkufunzi?

Katika mchezo wa shule au chuo, watu wanne hutajwa kuwa wangeweza kubeba dhamana hii: mchezaji, mwamuzi, mzazi na tabibu. Mchezaji amekwisha kuelezwa. Mwamuzi anayo mamlaka ya kuusimamisha mchezo mtu anapoumia vibaya, na anapaswa kuyatumia bila kusita, lakini hamjui kijana huyo. Hajui kama kwa kawaida ni mchangamfu au mkimya, wala hajui kama aligongwa pia Jumanne iliyopita mazoezini. Mzazi yuko Merti, ng'ambo ya mto Ewaso Nyiro, au yuko malishoni, au hata hajui kwamba leo kuna mchezo. Tabibu, katika michezo iliyo mingi, hayupo kabisa.

Anayebaki ni mkufunzi. Yeye ndiye anayewaona vijana hawa kila siku, ndiye aliyempanga mchezaji katika kikosi, na ndiye mwenye uwezo wa kumtoa kwa ishara moja ya mkono. Isitoshe, yeye ndiye aliye na sababu kubwa zaidi ya kutomtoa, maana matokeo ya mchezo yatahesabiwa kwa jina lake. Dhamana hukaa pale palipo na uwezo pamoja na kishawishi.

Sheria nayo haiko mbali na fikra hii. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 53, inaweka masilahi ya mtoto kuwa ya kwanza katika kila jambo linalomhusu, na katika Kifungu cha 43 inatambua haki ya kila mtu ya kupata kiwango cha juu cha afya kinachowezekana. Mwalimu aliyekabidhiwa mtoto wa watu yuko mahali pa mzazi. Kwa wanavyuo waliotimiza miaka 18 hali ya kisheria ni tofauti kidogo, lakini wajibu wa kimaadili haupungui, kwa kuwa chuo ndicho kilichoandaa mchezo, ndicho kilichomteua mkufunzi, na ndicho kitakachojivunia ushindi.

Pana mpaka wa dhamana hii, na ni haki kuuchora. Soka ina migongano, na mkufunzi halaumiwi kwa sababu vichwa viwili vilikutana hewani. Kinachomhusu ni dakika inayofuata, na siku zinazofuata. Pigo la kwanza ni ajali, ilhali pigo la pili, kwa mchezaji aliyerudishwa uwanjani akiwa bado anayumba, lina mwenyewe.

Pingamizi na majibu yake

Pingamizi la kwanza hutolewa na wakufunzi wenyewe: wao si matabibu. Hilo ni kweli, na hakuna anayewataka wawe. Hawaombwi kuutambua ugonjwa wala kuutibu. Wanaombwa kushuku. Kanuni iliyokubaliwa na wataalamu wa tiba ya michezo katika mikutano yao ya kimataifa, kuanzia ule wa Zurich wa mwaka 2012 hadi ule wa Amsterdam wa mwaka 2022, ni kwamba mchezaji mwenye mtikisiko wa ubongo harudi uwanjani siku hiyo hiyo, na anayeshukiwa kuwa nao aondolewe mara moja. Kushuku hakuhitaji shahada ya udaktari bali macho na uadilifu.

Pingamizi la pili ni la ujanja. Husemwa kwamba wachezaji watajiangusha wakishika vichwa ili kupoteza muda. Kinyume chake ndicho kilicho karibu zaidi na ukweli. Mjanja hujiangusha kwa kuwa anajua atainuka na kuendelea. Akijua kwamba anayeshika kichwa na kuonyesha dalili hatarudi tena siku hiyo, ataitafuta hila nyingine. Kuhusu timu kubaki na pengo, chombo kinachotunga sheria za soka duniani kilianza mwaka 2021 kujaribu utaratibu wa kuruhusu mchezaji wa akiba wa ziada kwa aliyeumia kichwa, na tangu msimu wa 2024/25 utaratibu huo umo katika sheria za mchezo kwa mashindano yatakayouchagua. Timu pinzani nayo hupewa nafasi ya kumbadilisha mchezaji mmoja wa ziada, hivyo hakuna anayenufaika kwa udanganyifu. Waandalizi wa mashindano ya shule na vyuo wanaweza kuuiga utaratibu huo bila gharama yoyote.

Pingamizi la tatu ni zito zaidi kwa kuwa lina mizizi katika utamaduni. Katika jamii za wafugaji, kama katika jamii nyingine nyingi, kijana husifiwa kwa kustahimili maumivu. Anayelalamika huchekwa. Mkufunzi humwambia mchezaji "jikaze" kwa nia njema kabisa, akikusudia kumjenga. Lakini jamii hizo hizo zina hekima ya kutosha ya kumjibu. Mfugaji wa Isiolo hampakii mizigo ngamia anayechechemea kwa hoja kwamba ngamia ni mnyama mvumilivu. Humpumzisha, kwa kuwa anajua thamani yake na anajua safari ya kesho. Ustahimilivu ni sifa pale unapohifadhi uhai. Wahenga nao walionya kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Mkufunzi anayeogopa machozi ya mchezaji anayetolewa katika fainali ajiulize ni machozi gani atakayoweza kuyabeba.

Pingamizi la nne ni kwamba Isiolo si Ulaya, na kwamba kanuni hizi ni za nchi zenye magari ya wagonjwa kando ya kila uwanja. Hapa ndipo hoja inapogeuka. Zahanati na vituo vidogo vya afya havina mashine ya kupiga picha za ubongo. Kutoka Merti au Garba Tulla hadi hospitali kubwa ya mjini Isiolo ni safari ndefu, na usiku huwa ndefu zaidi. Palipo na hospitali jirani, kosa la mkufunzi huweza kurekebishwa na daktari wa upasuaji ndani ya saa moja. Pasipo na hospitali, kosa hilo halina wa kulirekebisha. Kadiri msaada ulivyo mbali ndivyo tahadhari inavyopaswa kuwa kubwa, na kumtoa mchezaji uwanjani ni tiba isiyohitaji barabara, dawa wala fedha.

Siku za baadaye na dawati la darasani

Wajibu wa mkufunzi hauishii kwenye benchi. Aliyegongwa asiachwe peke yake katika saa za mwanzo, asipewe ufunguo wa pikipiki ajipeleke nyumbani, wala asilale bwenini bila mwenzake kuarifiwa. Maumivu ya kichwa yakizidi, akitapika tena na tena, akipatwa na mtukutiko, akisinzia kiasi cha kutoamshika, akiona vitu viwili viwili, au mkono na mguu vikilegea, hiyo ni dharura na ni lazima afikishwe hospitalini bila kungoja asubuhi. Akilalamikia shingo, asiinuliwe kiholela na kupakiwa nyuma ya bodaboda.

Kurudi mchezoni nako kuna ngazi zake. Maafikiano ya Amsterdam yanapendekeza mapumziko ya kiasi kwa siku moja au mbili, kisha mazoezi mepesi, na kupanda ngazi kwa ngazi hadi mchezo kamili. Kila ngazi huchukua angalau saa 24, na tabibu hutoa idhini kabla ya mazoezi yenye kugongana. Mwongozo uliotolewa nchini Uingereza mwaka 2023 kwa michezo ya ridhaa unakwenda mbali zaidi: hakuna kurudi katika mashindano kabla ya siku 21. Hesabu hizi zina maana kubwa kwa mashindano ya shule, ambapo timu hucheza karibu kila siku kwa juma moja. Mchezaji aliyeumia kichwa siku ya kwanza mashindano hayo yamemwishia. Mkufunzi ambaye halikubali hilo kabla ya kupanda basi hatalikubali nusu fainali ikifika.

Walimu na wahadhiri nao wanahusika. Mtikisiko wa ubongo huathiri umakini, kumbukumbu na uwezo wa kusoma kwa muda mrefu. Mwanafunzi aliyekuwa akiandika insha safi huweza kukaa mbele ya ukurasa mmoja nusu saa bila kuuelewa. Pasipo taarifa kutoka kwa mkufunzi, mwalimu wa darasani humwita mvivu. Kwa mtahiniwa wa kidato cha nne au mwanachuo aliye katika majuma ya mitihani, kimya hicho cha mkufunzi huweza kugharimu zaidi ya kombe.

Dhamana ya taasisi

Haitakuwa haki kumtwika mkufunzi mzigo wote huku taasisi ikitazama. Wengi wanaoongoza timu za shule ni walimu wa masomo mengine waliokabidhiwa filimbi kwa kuwa walikuwa vijana au kwa kuwa hakuna mwingine aliyejitolea. Huwekewa bajeti ya mipira na jezi, lakini aghalabu hawapewi hata siku moja ya mafunzo ya huduma ya kwanza. Kisha hupimwa kwa vikombe. Mwalimu mkuu au mkuu wa chuo anayemsifu mkufunzi kwa ushindi na kumhoji kwa kushindwa, bila kumwuliza kamwe kuhusu waliojeruhiwa, amekwisha kumfundisha lipi lina uzito.

Marekebisho yanayohitajika si makubwa. Chuo cha serikali cha mafunzo ya utabibu, KMTC, kina bewa mjini Isiolo. Shule na vyuo jirani vinaweza kuomba wanafunzi wake na wakufunzi wao wawe kando ya uwanja siku za mashindano, na wawafundishe walimu wa michezo kwa siku moja mwanzoni mwa muhula. Kila timu inaweza kuwa na daftari la majeruhi linalosafiri nayo. Kila uongozi unaweza kuandika kanuni ya sentensi moja kwamba mkufunzi atakayemtoa mchezaji kwa shaka ya kuumia kichwa hatahojiwa kwa matokeo ya mchezo huo. Kanuni hiyo ingewapa wakufunzi wengi ujasiri ambao hotuba haziwezi kuwapa.

Kiswahili kando ya uwanja

Wasomaji wa jarida hili wana sababu ya pekee ya kulizingatia suala hili. Katika Isiolo, mkufunzi Mmeru na mchezaji Mborana au Mturkana hukutana katika Kiswahili. Mahojiano yote ya dakika ile ngumu hufanyika katika lugha hii, na mara nyingi huwa ni maneno mawili: "Uko sawa?" Swali hilo kwa desturi za Kiswahili si swali la tiba bali ni salamu. Jibu lake limekwisha kuandaliwa na adabu kabla ya kichwa kugongwa. Kama ambavyo aulizwaye habari hujibu "nzuri" hata akiwa na msiba, ndivyo mchezaji anavyojibu "niko sawa" hata akiona nyota.

Maswali yanayofaa ni yale yasiyo na jibu la mazoea. Mtaalamu wa Australia, David Maddocks, na wenzake walipendekeza mwaka 1995 maswali machache ya aina hiyo, ambayo kwa Kiswahili yanaweza kuulizwa hivi: Tuko uwanja gani? Hiki ni kipindi cha kwanza au cha pili? Nani amefunga bao la mwisho? Mchezo uliopita tulicheza na timu gani? Tulishinda? Anayekosea atoke. Lakini anayejibu vyema asihesabiwe kuwa amepona iwapo anayumba au kichwa kinamwuma. Maswali haya hutumika kumtoa mtu uwanjani, hayatumiki kumrudisha. Na pale Kiswahili cha mchezaji kilipo dhaifu, aulizwe na mwenzake kwa lugha yake ya mama, ili ulegevu wa lugha usidhaniwe kuwa ulegevu wa ubongo, wala kinyume chake.

Liko pia suala la istilahi. Katika mazungumzo ya kila siku, aliyegongwa kichwa ama "amezimia" ama "hajaumia". Hakuna neno lililozoeleka kwa hali iliyo katikati, na hali isiyo na jina ni vigumu kuiripoti. Neno "mshtuko" limekwisha kubeba maana za hofu na za moyo, kwa hiyo "mtikisiko wa ubongo" linaelekea kufaa zaidi, kwa kuwa linataja kiungo na kinachokipata. Kulisambaza istilahi hili, kulitumia katika insha, katika utangazaji wa michezo na katika mabango ya shule, ni kazi ambayo wanafunzi wa Kiswahili wanaweza kuifanya bila kungoja kamati.

Hitimisho

Wengi wa wanaosoma Kiswahili vyuoni leo watakuwa walimu kesho, na baadhi yao watapelekwa katika shule za Isiolo, Marsabit, Garissa au kwingineko ambako mwalimu mgeni hukabidhiwa timu ya soka kabla hajapata hata funguo za nyumba. Watasimama kando ya uwanja wa changarawe, kelele za mashabiki zikiwa nyuma yao na kijana mwenye macho yaliyopotea akiwa mbele yao akisema yu salama. Wakati huo hapatakuwa na nafasi ya kufanya utafiti. Heri kanuni iwe imeamuliwa mapema, itamkwe mbele ya wachezaji siku ya kwanza ya mazoezi, na ielezwe kwa wazazi na kwa mwalimu mkuu: aliyeshukiwa kuumia kichwa anatoka, harudi leo, na hatarudi mpaka tabibu aseme. Mchezaji ambaye ameisikia kanuni hiyo mapema hataona kwamba ameonewa atakapoitwa benchi, na mkufunzi hatalazimika kubishana naye mbele ya umati.